Je, Mtoto Anaweza Kujitenga na Wazazi Kisheria?

Mazungumzo kwa wazazi, vijana na wazee wa vijiji, Kaunti Ndogo ya Kwanza



Liko swali ambalo vijana huuliza kwa sauti ya chini. Kijana ana miaka 15 au 16 na hataki tena kuwa chini ya baba yake. Anataka karatasi yenye muhuri inayosema amejitenga, ili akipatikana kwa shangazi yake Kitale asirudishwe kwa nguvu. Pengine amesikia kwamba Marekani jambo hilo lipo. Ni kweli lipo. Katika jimbo la California, kijana aliyefikisha miaka 14, anayeishi mbali na wazazi kwa ridhaa yao na kujikimu kwa pesa halali, anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mtu anayejitegemea.

Kenya haina karatasi hiyo. Mahakama ya Kitale haiwezi kuitoa, wala ya Bungoma, na chifu ndiyo kabisa hana uwezo huo. Katiba ya 2010 inasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Haisemi isipokuwa aliyeacha shule, au anayejilipia chumba sokoni, au aliyezaa.

Wala haisemi isipokuwa aliyetahiriwa, na hapa ndipo ubishi huanza. Kila Agosti ya mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024, Wabukusu hutahiri vijana wao. Mvulana wa miaka 13 huingia uwanjani akiwa mtoto na kutoka akiambiwa kwamba sasa ni mwanamume. Hujengewa simba yake, na mama haingii humo ovyo. Mila hiyo ina heshima yake na hakuna anayeiondoa. Taabu huja Januari karo inapodaiwa, mzazi mmoja akasema, "Wewe ni mwanamume sasa, jitafutie." Kijana naye hulishika neno hilo hilo: kama ni mwanamume, basi asiulizwe alilala wapi. Wote wawili wamekosea. Kisu cha Agosti hakikumwondolea baba karo, chakula wala matibabu ya mtoto huyo.

Msichana huambiwa vivyo hivyo kwa njia nyingine. Akipata mimba akiwa na miaka 16, huelekezwa kwa aliyempa mimba, kana kwamba ameshaolewa. Sheria ya Ndoa ya 2014 haitambui ndoa ya aliye chini ya miaka 18, hata mahari ikiwa imepokewa na wazee wameshiba. Bado ni mtoto wa wazazi wake, na mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unampa nafasi ya kurudi shuleni baada ya kujifungua.

Sheria imekazia namna hii kwa sababu kamba yenyewe inamfunga mzazi zaidi ya inavyomfunga mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya malezi na ulinzi, na kinawataka baba na mama kubeba wajibu huo sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Mtoto akiruhusiwa kujitoa kwa karatasi, kuna wazazi watakaomsukuma akaitie sahihi. Baba anayesimama mbele ya ukoo na kumkana mwanawe hajafanya lolote kisheria. Hata katika urithi, Sheria ya Urithi humhesabu mtoto miongoni mwa wategemezi wa marehemu, awe alikuwa akitunzwa naye au la. Kijana aliyeondoka nyumbani akiwa na miaka 15 hajapoteza chake kwa kuondoka.

Wengi hawajui kwamba mahakama, isiyoweza kuufupisha wajibu wa mzazi kwa ombi la mtoto, inaweza kuurefusha. Ikiwa kijana ametimiza miaka 18 na bado yuko masomoni, au ana ulemavu unaohitaji matunzo, mahakama inaweza kuamuru mzazi aendelee kumtunza.

Basi yule wa miaka 16 anayepigwa, anayetolewa shule ili avune mahindi ya watu, au anayetafutiwa mume, afanye nini? Sheria ya Watoto ya 2022 ina jibu, ingawa si lile alilokuja akilitaka. Inamwita mtoto anayehitaji malezi na ulinzi. Hahitaji ruhusa ya mzazi ili kusema. Anaweza kwenda kwa afisa wa watoto, kwa chifu, au kituo cha polisi penye dawati la jinsia na watoto. Anaweza pia kupiga 116, nambari isiyo na malipo. Jirani au mwalimu anaweza kumsemea. Ifahamike kwamba maafisa wa watoto ni wa serikali kuu. Mwakilishi wa wadi anaweza kumsindikiza mtoto hadi ofisini mwao, lakini hawezi kutoa amri.

Afisa huchunguza na kuandika ripoti. Jambo likifika mahakamani, mtoto ana haki ya kusikilizwa kulingana na umri na ufahamu wake, na hakimu hutanguliza maslahi ya mtoto, si fahari ya ukoo. Hakimu anaweza kuamuru akae kwa nyanya au shangazi, amteue mlezi, aweke familia chini ya uangalizi, na amwagize baba alipe matunzo hata mtoto akiwa hakai kwake. Makao ya watoto ni ya mwisho kufikiriwa. Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto wa makao katika familia.

Kwa hiyo kijana hapati uhuru wa kuishi peke yake. Anapata mtu mzima mwingine wa kumjibikia, na mara nyingi lango alilolikimbia hubaki wazi. Kwa mwenye miaka 17 hilo linaweza kuonekana dogo. Kwa msichana wa miaka 14 ambaye ng'ombe wameshahesabiwa kwa ajili yake, ni jambo kubwa mno.

Wazazi wengine huhofia kwamba watoto watakimbilia mahakamani kwa kutumwa maji. Mtoto aliyekataa kufunga ng'ombe jioni hana kesi, na afisa wa watoto atamwambia hivyo kabla ya chai kupoa. Kazi ndogo za nyumbani ni malezi. Kumkodisha shambani siku za shule si malezi.

Anayeenda ofisini abebe cheti cha kuzaliwa. Asipokuwa nacho, kadi ya kliniki au barua ya shule husaidia, na umri ukibishaniwa daktari anaweza kuukadiria. Mtoto asirudishwe mlangoni kwa kukosa karatasi, na asiambiwe arudi na baba yake ilhali baba ndiye anayelalamikiwa.