Mahali Pamoja, Anwani Nyingi
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kwai)



Mmenitaka nieleze kazi yangu ya kusaka makosa katika programu za kompyuta. Nitaeleza jambo moja tu: anwani mbili zinapokuwa za mahali pamoja.

Sisi wa Kwai jambo hilo si geni kwetu. Wakati wa Wajerumani, Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Anayesaka habari za mji ule katika majalada ya siku zile kwa jina la Lushoto peke yake atarudi mikono mitupu, na majalada yapo.

Mwaka 1978 kampuni ya Intel ilitoa prosesa iitwayo 8086, yenye kufikia baiti 1,048,576 za kumbukumbu. Kila anwani ilitajwa kwa namba mbili. Tuseme barabara ya kutoka hapa kwenda Lushoto imepigwa vigingi, kimoja kila hatua 16. Namba ya kwanza ni ya kigingi. Ya pili ni hatua za kuhesabu kutoka hapo. Kigingi 64, hatua 0, ni hatua 1,024 tangu mwanzo. Kigingi 60, hatua 64, ni pale pale. Kigingi 0, hatua 1,024, ni pale pale. Mahali pamoja paweza kuwa na anwani 4,096!

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ofisi moja iliniita. Katika mashine ya ukoo huo mishahara ilikuwa ikibadilika, na karani mmoja kijana alikwisha kusimamishwa kazi kwa kushukiwa wizi. Programu ya kusaka makosa ilikuwa imewekewa mlinzi kwenye anwani ya mshahara: pakiandikwa kitu, simama. Ilikwenda amri moja moja, namba ikabadilika, mlinzi kimya. Wakubwa wakasema mashine haina kosa, basi ni mkono wa karani.

Kumbe mlinzi alilinganisha zile namba mbili kama zilivyoandikwa, na sehemu ya programu iliyochapa hati za malipo ilipitia kigingi kingine. Nikaagiza kila anwani ifanyiwe hesabu kwanza: kigingi mara 16, ongeza hatua, jumla ikivuka mwisho wa kumbukumbu, irudi mwanzoni, maana 8086 huzunguka hivyo. Ndipo jumla zilinganishwe. Mara mlinzi akasimamisha kazi, amri yenye kosa ikaonekana. Karani akarudishwa kazini.

Mwaka 1985 ilitoka 80386, yenye nafasi nne za walinzi ndani yake, wanaolinganisha baada ya jumla kufanywa. Lakini nayo yaweza kugawa kumbukumbu kwa kurasa, na anwani mbili zikaelekezwa kwenye ukurasa mmoja. Kwa hiyo fundi hajapumzika.

Wadogo zangu, kuzidisha na kujumlisha mnakujua tangu shule ya msingi. Kabla ya kusema vitu viwili ni tofauti, vipelekeni kwenye kipimo kimoja. Pale ofisini hesabu hiyo ndogo ilikuwa kazi ya mtu na heshima yake.