Vidonge vya Kutuliza Mawazo Kabla ya Harusi

Msikilizaji wa Migori na Homa Bay, ayie, hatua ya kwanza ya mahari kwa Waluo, imepita. Sasa ni kamati, michango, tenti, na ng'ombe ambao bado hawajatimia. Usingizi umekwisha. Rafiki anakuletea mkebe wa vidonge vya virutubisho: meza hivi, utatulia.

Subiri. Kabla ya kumeza, onyesha mkebe huo kliniki.

Sababu ni hii. Vidonge hivyo vinaweza kugombana na dawa unazotumia. Wengi wanaotumia ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, nchini Kenya humeza kidonge chenye dolutegravir. Magnesiamu, zinki, chuma na kalsiamu, madini yaliyojaa kwenye virutubisho, huinasa dawa hiyo tumboni. Ikiingia kidogo mwilini, virusi hupata nafasi. Usiache ARV hata siku moja. Mfamasia atakupangia saa ya kumeza kila kimoja.

Soma lebo pia. Ukiona St. John's wort, mmea unaouzwa kwa ajili ya huzuni na wasiwasi, usimeze. Hupunguza nguvu ya ARV. Hupunguza pia nguvu ya kipandikizi na vidonge vya kupanga uzazi. Bibi harusi, hapo sikiliza vizuri.

Na mzigo wenyewe wa harusi? Ugawe. Shangazi ashike chakula, kaka ashike tenti. Usiku zima simu ya kamati, ulale. Wasiwasi usipopungua, mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu.

Nasema tena: mkebe uonekane kliniki kwanza. Beba mkebe mzima wenye lebo, si kidonge kimoja kwenye karatasi.