Kabla ya kukipa chombo kazi mpya

 

Watu wetu hawatupi vitu ovyo. Ndoo ya mafuta ya kula inakuwa ya maji, kitenge kilichochakaa kinakuwa nepi. Hiyo ni akili, na kwa kodi za vyumba vya hapa Umbilo, inatuokoa. Endeleeni. Naomba jambo moja tu: kabla ya kukipa chombo kazi mpya, ulizeni kwanza kilibeba nini.

Tuanze na mapipa. Tangu mafuriko ya Aprili 2022, wengi hapa Durban wanaweka akiba ya maji. Mapipa ya plastiki yaliyokwisha kutumika ni ya bei nafuu, lakini mengine yalibeba kemikali za kiwandani au dawa za wadudu. Plastiki hunyonya dawa, na sabuni haiitoi yote. Kama muuzaji hawezi kuonyesha lebo ya chakula, msiweke humo maji ya kunywa, ya kupikia wala ya kuoga.

Pili, chupa za soda. Mafuta ya taa yakiwekwa humo, mtoto mwenye kiu anaona kinywaji. Yawekeni kwenye chombo chenye kifuniko kigumu, juu asipofika. Akiyanywa, msimtapishe wala kumpa maziwa, kwa sababu akitapika mafuta huingia kwenye mapafu. Pigeni 10177, au 112 kwa simu ya mkononi, au mkimbizeni hospitali iliyo karibu.

Tatu, mbabula. Wazulu wanaiita imbawula, nayo hutengenezwa kwa debe la rangi lililotobolewa matundu. Nje inapika vizuri. Usiku wa baridi wa Juni na Julai, watu husubiri moshi uishe, kisha huiingiza chumbani. Moshi umeisha, hatari bado. Makaa mekundu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala huenda asiamke. Kichwa kikiuma au mkisikia kizunguzungu, tokeni nje wote mara moja, kisha mpige simu.

Kama nyumbani kuna chombo msichokijua, msikitumie kwanza. Pigeni picha ya lebo, mtuletee ofisini, tuisome pamoja.