Viberiti, Roboti na Ripoti Moja: Utafiti wa Akili Mnemba katika Chuo Kikuu cha Edinburgh

Mashine ya kujifunza aliyoiunda Donald Michie mwanzoni mwa miaka ya 1960 haikuwa na waya wala swichi. Ilikuwa viberiti vitupu 304, kila kimoja kikiwakilisha hali mojawapo ya mchezo wa sifuri na msalaba, ule unaochorwa kwenye miraba tisa. Ndani ya kila kiberiti mlikuwa na shanga za rangi mbalimbali, na kila rangi ilionyesha mraba wa kuchezwa. Mtu alichomoa shanga moja bila kuchagua, na hapo mashine ilikuwa imeshaamua. Ikishindwa, shanga iliyotumika iliondolewa. Ikishinda, ziliongezwa tatu za rangi ileile. Mchezo baada ya mchezo, hatua mbovu ziliishiwa shanga na hatua nzuri zikazidi kuchaguliwa. Michie alitumia viberiti kwa sababu hakuwa na kompyuta.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kuvunja misimbo ya adui, ambako alicheza sataranji na Alan Turing na kujadiliana naye iwapo mashine inaweza kujifunza. Vita vilipokwisha alisomea jenetiki. Alifika Edinburgh mwaka 1958, miaka sita baada ya Julius Nyerere kuhitimu katika chuo hichohicho, na kazi aliyopewa ilikuwa katika idara ya upasuaji. Kuanzia huko nje ya fani kuna uzito kwa kila anayepanga kuanzisha kituo cha utafiti. Kitengo kidogo cha Michie cha mwaka 1965, kilichozaa idara kamili mwaka 1966, hakikuundwa na wahitimu wa akili mnemba, maana shahada hiyo haikuwapo. Mwaka 1967 walijiunga Richard Gregory, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi macho yanavyodanganywa, na Christopher Longuet-Higgins, mwanakemia kutoka Cambridge.

Idara hiyo ikajenga Freddy. Roboti hiyo ilikuwa na kamera na mkono mmoja ulioning'inia juu ya meza. Mkono ulipanda, ukashuka na kuzunguka, lakini haukwenda kushoto wala kulia. Ni meza iliyosogezwa chini yake. Toleo la kwanza lilifanya kazi tangu mwaka 1969, nalo lilihitaji dakika kadhaa kutambua kitu cha kawaida kama kikombe. Toleo la pili lilikwenda mbali zaidi. Lilimwagiwa rundo la vipande vya mbao vilivyochanganyika, likavitenganisha, likavitambua kimoja kimoja, kisha likaunganisha gari la kuchezea lenye magurudumu na ekseli zake. Kompyuta iliyoliongoza ilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko ya simu yoyote ya leo. Programu ziliandikwa kwa POP-2, lugha iliyobuniwa palepale na Robin Popplestone na Rod Burstall. Kuona, kugusa, kupanga na kutenda vilikutana katika mashine moja, jambo ambalo maabara chache sana duniani zilikuwa zimelifikia.

Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1973. Mwaka huohuo ikatoka ripoti ya Sir James Lighthill.

Lighthill alikuwa mwanahisabati mkubwa wa Cambridge, bingwa wa mwendo wa hewa na maji, asiye mtafiti wa fani hii. Baraza la Utafiti wa Sayansi la Uingereza lilimwomba aipime, naye akaandika kwamba ahadi zake zilikuwa kubwa kuliko mavuno. Hoja yake kuu ilikuwa ya kweli: katika tatizo kubwa, kila hatua hufungua hatua nyingine nyingi, na idadi ya njia za kuchunguzwa hufura hadi kompyuta ikashindwa. Lakini alikwenda mbele zaidi akadai kwamba ujenzi wa roboti kama daraja kati ya uhandisi na uchunguzi wa ubongo haukuwa na maana. Hapo alikosea, na makala hii haioni sababu ya kumung'unya maneno. BBC ilionyesha mjadala ambamo Michie, Gregory na John McCarthy wa Stanford walimkabili, lakini fedha za roboti zilikatwa. Freddy sasa ni kifaa cha makumbusho mjini Edinburgh.

Longuet-Higgins akahamia Sussex mwaka 1974, naye Michie akatengwa katika kitengo chake. Idara ya Akili Mnemba ilibaki, ikafundisha. Robert Kowalski alikuwa ameweka misingi ya kuandika programu kwa mantiki, na mwaka 1977 David Warren na wenzake wakaipa lugha ya Prolog, iliyozaliwa Marseille, kasi ya kutosha kwa kazi halisi. Japani ilipoanzisha mwaka 1982 mradi wake mkubwa wa kompyuta zenye msingi wa mantiki, Uingereza ilishtuka na mwaka uliofuata ikaanza kumwaga fedha katika fani ileile iliyokuwa imeinyima. Mwanafunzi mmoja wa Longuet-Higgins, Geoffrey Hinton, alimaliza udaktari Edinburgh mwaka 1978 akiing'ang'ania mitandao ya neva, yaani programu zinazoiga seli za ubongo, ambayo msimamizi wake hakuiamini tena. Mwaka 2024 alipewa Nobel ya Fizikia pamoja na John Hopfield.

Desemba 2002 moto wa mtaa wa Cowgate uliteketeza maktaba ya akili mnemba iliyokusanywa kwa miongo. Wakati huo utafiti ulikuwa umeshaingia katika Kitivo cha Informatiki, kilichoundwa mwaka 1998.

Kazi ya kitivo hicho inawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 2016 Rico Sennrich, Barry Haddow na Alexandra Birch walichapisha njia ya kuyakatakata maneno adimu vipande vidogo kabla ya mashine kuyatafsiri. Neno kama "hatutawasahaulisha" huenda lisionekane hata mara moja katika matini za mafunzo, lakini vipande vyake huonekana kila mahali. Mwaka 2019 Edinburgh iliongoza mradi wa tafsiri kwa ajili ya vyombo vya habari, ikishirikiana na BBC na Deutsche Welle, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za kwanza kushughulikiwa.