MAZUNGUMZO JUU YA POSHO YA NYUMBA NA MADENI

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lisilopigiwa ngoma, nalo limo katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama: posho haifiki mwisho wa mwezi.

Hatukuja kumlaumu mtu. Mara nyingi nyumba ikipungukiwa, majirani husema kwamba mwenyewe ni mvivu au mlevi. Labda wapo walio hivyo. Lakini twawajua wengi wafanyao kazi tangu alfajiri hata jua kuchwa, nao hawatoshelewi. Basi tufanye hesabu kwanza, ndipo tuhukumu.

Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Tuseme mtu huyo ana watu sita nyumbani, nao hula kilo tatu za unga kwa siku, na kilo moja ni shilingi 1,500. Kwa siku ni shilingi 4,500. Kwa siku 30 ni 135,000. Zimebaki shilingi 5,000 za mboga, chumvi, sabuni, dawa na daftari za watoto. Katika hesabu hii mvivu hayumo, wala mlevi hayumo.

Mkulima wa pamba naye asidhaniwe kuwa na nafuu. Mwaka 2022 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,560 kwa kilo. Mwaka 2023 ilikuwa 1,060. Aliyeuza kilo 500 kwa bei hizo alipata 780,000 mwaka wa kwanza, na 530,000 mwaka wa pili. Jembe ni lile lile, jasho ni lile lile, lakini shilingi 250,000 zimetoweka.

Tena bidhaa za dukani hutoka mbali. Vita vilipoanza Ukraine mwaka 2022, mafuta yalipanda bei duniani kote. Mwezi wa Agosti mwaka ule lita ya petroli ilifika shilingi 3,410 huko Dar es Salaam, ingawa Serikali ilikuwa imeanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni. Lori liletalo sukari na sabuni mpaka Musoma hunywa mafuta hayo, na gharama yake humwangukia mnunuzi. Hata mtumbwi wa dagaa wenye mashine huyahitaji.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 shule za Serikali za msingi na sekondari hadi kidato cha nne hazitozi ada, na nafuu hiyo ni kubwa. Lakini sare, viatu na madaftari bado hununuliwa na mzazi.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Mtu aliyepungukiwa hukopa, na wakopeshaji wengine ni wa namna ile iitwayo kausha damu. Jina hilo halikutungwa bure. Akikopa shilingi 100,000 kwa riba ya ishirini kwa mia kila juma, baada ya majuma manne amekwisha kutoa 80,000, na deni la 100,000 lingalipo zima. Kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni wasiopokea amana, Benki Kuu iliweka mwisho wa riba kuwa 3.5 kwa mia kwa mwezi, yaani shilingi 3,500 kwa deni hilo hilo. Tazameni tofauti yake. Wahenga walisema: kukopa arusi, kulipa matanga.

Je, tufanye nini? Kwanza, kabla ya kutia sahihi, mkopaji na aulize mambo matatu: Riba ni kiasi gani kwa mwezi? Jumla nitalipa ngapi? Una leseni? Asiyejibu waziwazi aepukwe. Pili, ninyi wenyeviti, msimpe mtu barua ya mkopo kabla ya kumsomea hesabu hiyo mbele ya mwenzi wake. Tatu, ninyi walimu, fundisheni hesabu ya riba darasani, ili mtoto aipeleke nyumbani. Nne, zipo fedha za halmashauri, asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, zikopeshwazo bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Wasioijua watajuaje msipowaambia?

Tena yafaa kila nyumba yenye shamba ilime muhogo na mtama, wala isiuze akiba yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ili kuja kununua unga wakati wa njaa kwa bei ya juu.

Hatusemi kwamba mashauri haya yatajaza sufuria iliyopungukiwa mshahara. Mshahara usiotosha hautoshi, hata ukihesabiwa mara mia, na wenye kuajiri yawapasa kusikia neno hili. Lakini twasema hivi: umaskini usiongezwe kwa siri. Mwenye deni aseme mapema, na jirani amsikilize bila kumcheka. Hesabu isomwayo mbele ya watu huokoa shamba, ifichwayo huliuza.