Ukoo au Familia? Silikanti na Msamiati wa Uainishaji



Huenda mkashangaa kwamba mwanaisimu aliyesimama hapa Iringa, mbele ya wasikilizaji ambao wengine wametoka Mbeya na kumzoea mbasa wa Ziwa Nyasa, amechagua kuzungumzia samaki wa kilindi cha bahari. Kilichonileta kwake ni neno moja.

Mwezi Septemba 2003 wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, walimnasa silikanti. Baadaye wale wa Tanga waliwanasa wengi katika majarife ya papa, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Wataalamu walikuwa wameamini kwamba kundi hili lilitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, hadi mwaka 1938 alipopatikana mmoja Afrika Kusini. Mwaka uliofuata J.L.B. Smith alimwita Latimeria chalumnae. Ndugu yake wa Indonesia, Latimeria menadoensis, alipewa jina mwaka 1999. Spishi hai ni hizo mbili tu. Lakini katika kundi hilohilo, Latimeriidae, wamo pia Macropoma na Undina, tunaowajua kwa visukuku pekee.

Kundi la namna hii tuliiteje? Istilahi iliyozoeleka ni ‘familia’. Sina ugomvi na mkopo; ugomvi wangu ni wa maana. Katika matumizi ya leo familia ni baba, mama na watoto, tena walio hai. Ukoo, kwa upande wake, huanza kuhesabiwa kwa marehemu. Kwa desturi ya Wahehe, mtu hujulikana kwa jina la ukoo na mwiko wa chakula unaoandamana nalo, na wenye mwiko mmoja huweza kutambuana kuwa ndugu hata kama babu yao hakuna amwonaye. Mtaalamu wa visukuku naye hakumwona babu: hulinganisha mifupa ya fuvu, akitafuta alama iliyorithiwa.

Kwa hiyo napendekeza tuandike ‘ukoo wa Latimeriidae’. Mwanafunzi ataelewa bila kufafanuliwa kwamba wengi wa ukoo huo wamekwisha kufa. Ndivyo koo zilivyo.

Kuhusu ‘jenasi’ bado nasita. Pwani, chini ya ukoo kuna mlango, na neno hilo lingefaa. Ila tumekwisha kuitwisha ‘ngeli’ mzigo wa sarufi na wa biolojia kwa pamoja, na walimu wa shule wanajua matokeo yake.