Ushuru Usiokuwa na Risiti
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniamuru niseme machache juu ya ushuru wa forodha uliotozwa katika Kenya wakati wa utawala wa Waingereza. Najua ya kuwa wengi wenu mngalipenda zaidi kusikia habari za kodi ya kibanda, kwa maana hiyo ndiyo mliyosimuliwa na baba na babu zenu. Kodi ya kibanda ilikuwa na sura. Alikuja karani, meza ikawekwa chini ya mti, na aliyelipa akapewa cheti cha kuonyesha. Ushuru wa forodha haukuwa na karani wala cheti. Mwenye mali aliulipa bandarini Mombasa, akauchanganya na bei, na mtu wa bara akaulipa tena dukani bila ya kujua kwamba amelipa kitu. Hata siku alipodai shule au dawa, aliambiwa kwamba mchango wake katika hazina ni mdogo, naye hakuwa na karatasi ya kuwajibu.

Ushuru wenyewe si jambo lililoletwa na reli. Seyyid Said alipofanya mkataba na Marekani mwaka 1833, ilikubaliwa kwamba bidhaa za Wamarekani zitozwe 5 kwa mia, basi. Nguo nyeupe ya pamba iliyokuja na merikebu za Salem hata leo tunaiita marekani. Baadaye mataifa ya Ulaya yakakutana Berlin, yakapatana mwaka 1885 juu ya biashara ya Bonde la Kongo, na kwa hesabu zao za ajabu bonde hilo likafika mpaka pwani yetu. Huko Brussels mwaka 1890 wakakubaliana kwamba ushuru wa bidhaa ziingiazo usizidi 10 kwa mia. Mpaka huo uliondolewa na mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919. Likabaki sharti moja tu, kwamba bidhaa za mataifa yaliyotia sahihi zitozwe sawa bila ya upendeleo. Nawaomba mlishike sharti hilo, kwa kuwa litarudi.

Baada ya vita ile ya kwanza serikali ya Kenya ilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha. Ikatunga kodi ya mapato, yaani kila mtu alipe kwa kadiri ya pato lake. Walowezi wakaikataa kabisa, na mwaka 1922 ikafutwa. Pengo lake lilizibwa kwa kiasi kikubwa na forodha. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, Harry Thuku alikamatwa, na watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi wakapigwa risasi. Kisha kodi ya kibanda, iliyokuwa imepanda hata shilingi 16, ikashushwa kuwa shilingi 12. Watu waliona kwamba kilio chao kimesikiwa, na ni haki waone hivyo, maana damu ilimwagika. Lakini shilingi zile zilizopunguzwa mezani kwa karani, serikali ilikuwa na njia nyingine ya kuzipata, nayo ilipitia dukani.

Katika miaka ile ya 1920 kiwango cha kawaida kilikuwa 20 kwa mia ya thamani. Natufanye hesabu ya blanketi moja. Tuseme limeshuka Kilindini kwa thamani ya shilingi 3. Ushuru wake ni senti 60. Mwagizaji huongeza faida yake, wala haongezi juu ya zile shilingi 3 peke yake, bali juu ya shilingi 3 na senti 60. Mwenye duka la jumla hufanya vivyo hivyo, na mwenye duka dogo la huku kwetu naye pia. Senti 60 zikifika kijijini zimekaribia shilingi nzima. Sasa mchukueni mtu wa shamba aliyelipwa shilingi 10 kwa tiketi ya siku 30. Zile senti 60 za kwanza tu ni kazi yake ya siku mbili kasoro kidogo, nazo ni za ushuru mtupu. Bado hajalipia uzi wa blanketi.

Wakati huo huo mashine za kilimo ziliingia bila ya ushuru. Tena ukawekwa ushuru wa kukinga mazao ya walowezi: unga wa ngano, siagi, jibini, nyama ya nguruwe, mbao, na sukari. Siagi na jibini hazikutuhusu sana. Sukari ilituhusu. Sukari ya ng'ambo ilipofanywa ghali, ile iliyosagwa Miwani, karibu na Kisumu, au Ramisi huko pwani, haikulazimika kuuzwa rahisi. Watu wa Uganda na Tanganyika, waliokuwa nasi katika forodha moja, walinung'unika sana kwamba wanalipa bei ya juu ili kumlea mkulima wa ngano wa Kenya.

Walowezi nao walikuwa na hoja yao, na si vema kuificha. Walisema: sisi tunanunua motokaa, divai na wiski, ambazo ni anasa na zimetozwa sana, basi kila kichwa chetu kinalipa kuliko kichwa cha Mwafrika. Hesabu hiyo kwa vichwa ni kweli. Lakini mwenye kulipia wiski aweza kuacha kunywa, na mwenye kulipia blanketi hawezi kuacha kuona baridi. Wiski yenyewe Mwafrika alikatazwa kwa sheria. Na nani aliyeamua ipi ni anasa na ipi ni haja? Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907, na Mwafrika wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, hakuingia humo mpaka mwaka 1944. Kwa miaka 37 ushuru wa nguo zetu ulijadiliwa na watu wasiozivaa.

Hapa nirudie lile sharti la Saint-Germain. Katika miaka ya 1930 nguo na viatu vya mpira vya Japani viliingia kwa bei ndogo mno. Wenye viwanda wa Uingereza walilia, na mwaka 1934 makoloni mengi ya Kiingereza yakawekewa kipimo cha nguo za Japani ziwezazo kuingia. Afrika Mashariki haikuwekewa, kwa sababu ya sharti lile la usawa. Basi mkataba uliofanywa na wakubwa kwa faida ya biashara yao ndio uliomvika shati mtoto wa maskini wa Kenya. Sidhani kama lilikuwa kusudi lao.

Mwaka 1932 Lord Moyne aliletwa kutoka Uingereza kuchunguza kila taifa linalipa nini na linapata nini. Alihesabu kodi za wazi, akahesabu na za forodha. Akaona kwamba Waafrika hawakupata huduma zilizolingana na walichotoa. Alishauri pia kodi ya mapato irudishwe, nayo ikarudi mwaka 1937. Senti za dukani zikawa zimeingia katika hesabu ya serikali, lakini kwa makadirio tu, kwa kuwa aliyezilipa hakuwa na cha kuonyesha.

Hivi leo risiti ya dukani huonyesha kodi ya ongezeko la thamani hata senti ya mwisho, na kijana aweza kuisoma na kuuliza. Wazee wetu wa wakati ule hawakuweza. Kwa hiyo Halmashauri inaomba kila jamaa afungue masanduku ya zamani nyumbani: daftari za maduka, vyeti vya kodi, tiketi za kazi, hata karatasi ya mkopo wa baiskeli. Bei iliyoandikwa kando ya tarehe yatosha. Zipelekwe kwa Katibu, naye atazinakili na kumrudishia kila mtu karatasi zake kabla ya mkutano wa mwaka ujao.